Julius Nyerere, raisi aliyepima mistari ya Shakespeare kwa Kiswahili

Huko Nyangezi, kwenye barabara inayotoka Bukavu na kuteremuka Kamanyola, mwanafunzi wa sekondari anakutana na ushairi kwa Kifaransa kwanza. Anafundishwa kuhesabu silabi 12 za mustari na kupumua kiisha ya sita. Kiingereza kinakuja nyuma. Siku anapofungua Shakespeare, anahesabu silabi 10, anafurahi, lakini bado hasikii kitu. Mutu aliyepita shida hiyo na kuivuka, tena akiwa na inchi nzima ya kuongoza, ni jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mumoja kati ya wake wengi wa chifu. Nyumbani walisema Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, mujini Musoma, mwaka wa 1934, akiwa na miaka 12 hivi. Akaendelea Tabora, kiisha Makerere huko Uganda tangu 1943 mupaka 1945, akarudi Tabora kufundisha. Jina la Mwalimu lilitoka katika kazi hiyo ya kufundisha, na halikumuachia mupaka kufa. Mwaka wa 1949 alienda Edinburgh, Scotland, akakaa mupaka 1952. Kati ya masomo aliyochukua huko, pamoja na historia, uchumi na falsafa, kulikuwa fasihi ya Kiingereza.

Watu wa leo wanamukumbuka kama bingwa wa Kiswahili na wanasahau kwamba hakuzaliwa pwani. Mashairi ya Waswahili wa Lamu na Mombasa hakuyanyonya kwa mama. Kiswahili na Kiingereza, vyote viwili, aliviingia akitoka inje.

Sasa tuseme kidogo juu ya kipimo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo kazi yake inaeleweka. Mustari wa kawaida wa Shakespeare unakuwa na silabi 10, lakini kuhesabu peke yake hakutoshi. Silabi zinatembea mbilimbili, ya kwanza nyepesi, ya pili nzito, mara tano. Chukua mustari huu ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya somo: The rain comes down upon Bukavu hill. Piga meza kwa kidole unaposoma. Kidole kinaanguka kwenye rain, down, silabi ya pili ya upon, ka ya Bukavu, na hill. Ni mapigo matano, kama ngoma. Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa anahesabu vizuri, lakini anasahau kupiga ngoma.

Kiswahili kinafanana na Kifaransa kwa jambo hilo: kinahesabu. Mustari wa shairi la pwani unakuwa na mizani 16, nane kwa nane, na vina katikati na mwisho. Utenzi unakuwa na vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, cha nne kikibeba kina cha utenzi wote. Tena mukazo wa neno la Kiswahili unakaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mustari wa Shakespeare unapenda kumalizika kwa pigo zito. Wa Kiswahili unamalizika kwa silabi nyepesi, utake usitake. Mwenye kutafsiri hawezi kubeba ngoma hiyo jinsi ilivyo. Anachagua kitu cha kuokoa.

Nyerere aliacha vina. Shakespeare katika muchezo wa Julius Caesar anatumia sana mistari iliyopimwa bila kina, na Nyerere akafanya hivyo kwa Kiswahili. Lilikuwa jambo la ujasiri. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi, mushairi wa Ujiji, alikuwa amechapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwa sheria hizo vina na mizani ndivyo vinafanya shairi liwe shairi. Amri Abedi huyo alikuja kuwa waziri katika serikali ya Nyerere mwenyewe. Kwa hiyo raisi alivunja sheria iliyoandikwa na mutu wake wa karibu. Kuko wanaoona kwamba alifungulia mulango washairi wa baadaye kama Euphrase Kezilahabi, aliyeacha hata mizani katika Kichomi mwaka wa 1974.

Kitabu, Julius Caezar, kilitoka 1963. Inchi ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961. Nyerere alikuwa ameacha uwaziri mukuu Januari 1962 ili ajenge chama, akawa raisi Desemba mwaka huohuo. Muchezo aliochagua unahusu watu wanaoua kiongozi wao wakisema wanalinda uhuru. Sisi wa Kongo hatuwezi kusoma habari hiyo kwa baridi: Lumumba alikuwa ameuawa Katanga Januari 1961. Na Januari 1964, kitabu kikiwa bado kipya, askari wa Dar es Salaam waliasi na Nyerere akalazimika kujificha kwa siku chache.

Hakuridhika na kazi yake. Mwaka wa 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, hata jina limebadilika kuwa Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza mufanyabiashara wa jina la kitabu ni mumoja. Kwa Nyerere ni wengi, na neno bepari, lililotoka India likiwa na maana ya muchuuzi, lilikuwa sasa neno la siasa, miaka miwili kiisha ya Azimio la Arusha. Hapo, kwa maoni yetu, mwanasiasa alimushika mukono mutafsiri.

Aliacha uraisi 1985. Katika uzee wake alirudia kalamu, na mwaka wa 1996 zikatoka Injili nne na Matendo ya Mitume, zote kwa utenzi. Safari hii hakuvunja sheria: mizani nane kwa kila kipande, na vina vyote mahali pake. Alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa bado mupatanishi wa mazungumuzo ya amani ya Burundi, akazikwa Butiama.