JENERALI ALIYEKATAA KUTESA

Wapo wanaodhani kwamba serikali ipiganayo na waasi wenye silaha yaweza kuweka sheria kando mpaka vita viishe. Sisi hatukubali. Wala hakukubali Jenerali Jacques Pâris de Bollardière wa Ufaransa, ingawa maisha yake yalikuwa ya jeshini tangu ujana.

Alizaliwa mwaka 1907. Wajerumani walipoiteka nchi yake mwaka 1940, alijiunga na Jenerali de Gaulle, na mwaka 1944 alishuka kwa mwavuli katika misitu ya Ardennes kuwaongoza wananchi waliopigana na wavamizi kwa siri. Wenzake waliokamatwa waliteswa na kuuawa, kwa kuwa machoni pa Wajerumani hawakuwa askari bali majambazi. Jambo hilo hakulisahau.

Mwaka 1956 alipelekwa Aljeria, ambako FLN ilikuwa imeanzisha vita vya uhuru tangu Novemba 1954. Hatusemi kwamba alitumwa katika kazi ya haki. Aljeria ilikuwa ya Waaljeria. Lakini katika eneo lake, milimani karibu na Blida, alipiga marufuku mateso, na vikosi vyake vikatakiwa kuishi kwa heshima miongoni mwa wanavijiji.

Januari 1957 askari wa miavuli wa Jenerali Massu walipewa madaraka ya polisi mjini Algiers. Ni kweli mabomu yalikuwa yakiua raia mikahawani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kuwatia mahabusu umeme na kuwazamisha majini ili waseme. Wengi walipotea, na jamaa zao hawakuonyeshwa hata kaburi. Bollardière alipotakiwa kufuata njia hiyo, alikataa mbele ya Massu mwenyewe, na mwezi Machi akaomba aondolewe katika uongozi wake. Barua yake ilipochapishwa katika gazeti la L'Express, alifungwa ngomeni siku 60. Majenerali wenzake walio wengi walinyamaza.

Je, mateso yalileta faida gani? Mji wa Algiers ulitulizwa mwaka 1957, lakini mwaka 1962 Aljeria ilijitawala. Kabla ya hapo, Aprili 1961, baadhi ya maofisa wa jeshi lilelile waliiasi Serikali yao wenyewe. Waliozoeshwa kuivunja sheria kwa Mwarabu hawakuona shida kuivunja kwa Mfaransa. Bollardière aliacha jeshi mwaka huohuo, akafariki mwaka 1986. Ilipofika mwaka 2018, Rais wa Ufaransa alikiri kwamba mateso yale yaliwezeshwa na utaratibu uliowekwa na Serikali.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Po pote wanapotafutwa waasi, yatupasa kuuliza: aliyekamatwa yuko wapi, jamaa zake wamearifiwa, na lini atafikishwa mbele ya hakimu? Anayeuliza hivyo asiitwe rafiki wa adui. Bollardière aliuliza, naye alikuwa amekwisha kuipigania nchi yake kuliko wengi waliomshutumu.