Habari za Bwana Mackay wa Usambiro

Kusini ya Ziwa Nyanza, upande huu wetu wa Geita, palikuwa na misheni ya Usambiro, na hapo alikaa Bwana Alexander Mackay. Alizaliwa Uskoti mwaka 1849. Alikuwa fundi wa mitambo, si kasisi. Akafika Buganda mwaka 1878, akafundisha Neno na kazi za mikono.

Mwaka 1885 vijana watatu wa misheni ile walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, na Askofu Hannington akauawa mwaka ule ule. Mwaka 1887 Mackay mwenyewe akafukuzwa, ndipo akaja Usambiro. Mwaka wa pili Mwanga naye akapinduliwa, akakimbilia kusini ya Ziwa. Na mwezi wa Juni 1889 akampelekea Mackay barua ya kuomba msaada, akimsihi asiyakumbuke yaliyopita.

Je, moyo wake ulikuwa safi? Hatuthubutu kusema, aliyenyang'anywa kiti huahidi mengi. Lakini kama neema ingalipimwa kwa kibaba cha mastahili, Mwanga asingalipata hata punje, wala sisi. Gordon na Walker, wenzake Mackay, wakatoka Usambiro wakamwendea. Mackay akabaki akiifasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, hata homa ikamwua tarehe 8 Februari 1890.

Mwanga alirudishiwa kiti, akaasi, Waingereza wakamhamishia Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Akafa mwaka 1903.