Kaisari Diocletian na Mshahara wa Askari

Miongoni mwa makaisari wa Rumi waliotoka katika safu za askari, Diocletian ndiye aliyepigana vita virefu zaidi na adui asiyeonekana: kupanda kwa bei. Alizaliwa kwenye miaka ya 240 huko Dalmatia, katika nchi iitwayo leo Kroatia, nasaba yake ikiwa duni. Aliingia jeshini, akapanda cheo hadi kuongoza kikosi cha walinzi wa Kaisari, na tarehe 20 Novemba, 284, askari wakamtawaza.

Urithi wenyewe haukuwa wa kutamanika. Katika miaka 50 iliyotangulia walitawala makaisari zaidi ya 20, na wengi wao waliuawa. Kila aliyetwaa enzi alilazimika kuwaridhisha askari kwa mshahara na bakshishi, ilhali hazina ilikuwa tupu. Basi walipunguza madini ya fedha katika sarafu, wakazidisha shaba. Kufikia mwaka 270, sarafu iliyoitwa ya fedha haikuwa na fedha halisi kupita sehemu 5 katika 100. Sarafu zilijaa mikononi mwa watu, lakini ngano, nguo na mafuta havikuongezeka. Wanunuzi wakishindania bidhaa zile zile kwa sarafu nyingi zaidi, bei hupanda. Na huo ndio mfumuko wa bei.

Diocletian naye alikuwa mtumiaji mkubwa. Alipanua jeshi, akagawa majimbo hadi yakakaribia 100, akajenga ngome na majumba. Alitoa sarafu mpya ya fedha safi, lakini zilikuwa chache, na zile za shaba zilizopakwa fedha ziliendelea kufuliwa kwa wingi. Mwaka 301 akaamuru thamani ya sarafu iwe maradufu, kwa amri tu.

Kabla ya mwaka huo kwisha ilitoka sheria yake mashuhuri ya bei. Katika utangulizi alilalamika kuwa askari aweza kumaliza mshahara na bakshishi yake kwa kununua kitu kimoja sokoni. Lawama aliwatwika wachuuzi wenye tamaa. Sarafu zake mwenyewe hakuzigusa. Vitu zaidi ya 1,000 viliwekewa kikomo: ratili ya nyama ya ng'ombe dinari 8, ya nguruwe 12, kibarua wa shamba dinari 25 kwa siku pamoja na chakula, kinyozi dinari 2 kwa kichwa. Aliyevuka kikomo, awe muuzaji au mnunuzi, adhabu yake ilikuwa kifo, na kadhalika aliyeficha mali.

Lactantius, mwandishi Mkristo, asimulia kuwa damu ilimwagika kwa vitu vidogo, bidhaa zikatoweka sokoni, na hatimaye sheria ikaachwa. Lactantius alimchukia Kaisari huyu aliyewatesa Wakristo tangu 303, lakini katika hili bei za miaka iliyofuata zamuunga mkono.

Kilichomfaa askari zaidi ni kodi iliyotozwa kwa nafaka, nyama na nguo, kisha ikagawiwa moja kwa moja vikosini. Aliyepokea chakula chake ghalani hakuhofia sana bei ya soko. Mzigo huo, hata hivyo, ulimwangukia mkulima.

Diocletian alijiuzulu tarehe 1 Mei, 305, jambo la nadra kwa Kaisari, akaishi katika jumba lake la Split akilima mboga. Sarafu imara ilikuja na Constantine, aliyefua sarafu za dhahabu 72 kwa kila ratili. Uzito wake na usafi wake vilihifadhiwa kwa takriban miaka 700.