Kleist Sykes: Askari Aliyeacha Maandishi

Katika jamii ya Waborana wa Biliqo, kijiji cha wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, jina la mtu hufuatwa na jina la babake, kisha na jina la babu yake. Kwa desturi hii babu hubaki vinywani mwa wajukuu hata baada ya kaburi lake kusahaulika. Hata hivyo, kulijua jina la babu si kuyajua maisha yake. Isiolo ni mahali palipowapokea askari wastaafu tangu enzi ya ukoloni, wakiwemo Wasomali waliopewa makazi humo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini ni wachache mno kati yao ambao habari zao zimewahi kuandikwa. Ndiyo maana makala haya yanavuka mpaka hadi Tanzania kumtazama askari mmoja wa vita hivyo hivyo, Mzee Kleist Sykes, ambaye maisha yake yaliandikwa, na aliyeyaandika kwa kina alikuwa mjukuu wake.

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mwenyeji wa pwani. Alitoka Inhambane, kusini mwa Msumbiji, akiwa mmoja wa askari wa kukodiwa walioletwa na Hermann von Wissmann kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka mitano baadaye, katika mji huo huo, mmoja wa askari waliokuja kumshinda alipata mtoto wa kiume, akampa jina la Kijerumani. Mwandishi wa wasifu hana budi kulisema jambo hili waziwazi. Kleist alizaliwa upande wa bunduki ya mkoloni, na hakuna anayechagua mahali pa kuzaliwa.

Baba huyo alifariki Kleist angali mdogo. Mtoto akalelewa na Affande Plantan, kiongozi wa askari wenzake baba yake, pamoja na wana wa mlezi huyo. Alisoma shule ya Wajerumani, akajua lugha yao na kupiga taipu. Vita vilipozuka mwaka 1914, alifuata njia ya baba na mlezi wake, akapigana katika jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Vita hivyo havikuwa vya Waafrika, lakini waliovibeba mabegani ni Waafrika. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umerithi jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Wajerumani waliposhindwa, Kleist alijikuta chini ya mtawala mpya. Alipata kazi ya ukarani katika Shirika la Reli la Tanganyika, akaweka maskani Dar es Salaam. Hapo ndipo ilipoanza sehemu ya maisha yake ambayo hakuamriwa na mtu. Mwaka 1924 msomi wa Kiafrika kutoka Gold Coast, Dakta James Aggrey, alifika Tanganyika pamoja na tume ya elimu, naye Kleist alikutana naye. Mazungumzo yao yalimwachia wazo la umoja wa Waafrika. Mwaka 1929 yeye na wenzake waliunda Chama cha Waafrika; Cecil Matola akawa rais, Kleist akawa katibu.

Inafaa kutafakari kwa nini mtu kama yeye aliliona hitaji la umoja huo mapema. Huenda ni kwa sababu mwana wa mgeni kutoka Inhambane hakuwa na kabila la kukimbilia katika nchi aliyozaliwa. Jamaa zake walikuwa watu wa mji, Waislamu kwa Wakristo, wa kila asili. Matola mwenyewe alikuwa Mkristo na Kleist Mwislamu, na jambo hilo halikuwazuia kuketi meza moja. Mwaka 1933 Kleist alishiriki pia kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyojishughulisha na elimu ya watoto wa Kiislamu.

Chama cha Waafrika kilijenga ofisi yake New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Kleist alifariki mwaka 1949, hakuiona siku kubwa ya nyumba hiyo: tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa humo. Wanawe Abdulwahid na Ally, waliokuwa askari wa Kiingereza huko Burma katika Vita vya Pili, walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Babu alikuja kuua upinzani, baba akajenga chama, wana wakadai uhuru. Vizazi vitatu vya askari wa wageni viliishia kuwa watu wa nchi.

Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, pale ilipokuwa sanamu ya Wissmann hapo awali. Maandishi yake yanaahidi kuwa majina ya waliopigana yatakumbukwa na watoto wao, lakini hayataji jina hata moja. Tena sanamu hiyo iliwakusudia waliokuwa upande wa Waingereza, Kleist hamo.

Kilichomwokoa Kleist ni karatasi. Aliacha maandishi kuhusu maisha yake, nayo hayakutupwa. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, aliyageuza kuwa wasifu wa babu yake, uliotolewa Nairobi mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Babu aliyeweka kumbukumbu kwa ajili ya wasiozaliwa bado alikuwa amewapenda wajukuu kabla ya kuwajua, na mjukuu aliyezisoma alilipa pendo hilo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kalamu na tuna lugha inayoeleweka kutoka Biliqo hadi Pangani. Wengi wetu tuna babu aliyevaa sare ya mtu mwingine. Tusingoje sanamu. Pale ambapo babu hakuandika, mjukuu na aulize wakati bado yupo wa kujibu, kisha aandike, pamoja na yale yasiyopendeza.