Al-Kashi na Hesabu ya Kuba

Leo tunamkumbuka Ghiyathuddin Jamshid Al-Kashi, mzaliwa wa Kashan, Iran. Mwaka 1427, akiwa Samarkand, alikamilisha kitabu Miftahul Hisab, yaani Ufunguo wa Hesabu, chenye mlango wa kupima majengo.

Kuba ni tupu ndani. Fundi akikosea hujazo, matofali hupungua au mali ya mwenye jengo hupotea. Al-Kashi alimrahisishia: kipenyo cha nje kizidishwe kwa chenyewe, tena kwa chenyewe, kisha kwa 0.306. Cha ndani vivyo hivyo, halafu kitolewe. Dhiraa 10 nje na 9 ndani hutoa takriban dhiraa za ujazo 83 za ujenzi.

Alifariki 1429. Nasi tujifunze hesabu kwa bidii, kwani kipimo sahihi ni amana. Mwenyezi Mungu amrehemu.