FLO HYMAN: Alikaa benchi, hakuinuka tena

ILIKUWA mechi ya ligi tu. Januari 24, 1986, mjini Matsue, Japan, timu ya mpira wa wavu ya wanawake ya Daiei ilikuwa uwanjani, na staa wake kutoka Marekani, Flo Hyman, alikuwa anapiga smashi kama kawaida yake. Kocha akamtoa apumzike kidogo. Akaenda kukaa benchi akiwapa moyo wenzake, na muda mfupi baadaye akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Jioni hiyo hiyo alifariki. Alikuwa na miaka 31.

Shabiki wa soka akisikia hivyo anamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka katikati ya uwanja pale Lyon, Juni 26, 2003, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Lakini Foé alikuwa na tatizo la msuli wa moyo. Kilichomuua Hyman ni kitu kingine kabisa, na kilikuwa mwilini mwake tangu siku anazaliwa. Ajabu ni kwamba mtu yeyote aliyekuwa na macho angeweza kuona dalili zake, ila kila aliyeziona alizishangilia.

Hyman alizaliwa Julai 31, 1954, akakulia Inglewood, California, mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake alikuwa mfanya usafi kwenye shirika la reli, mama alikuwa na mgahawa. Wazazi wote wawili walikuwa warefu, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshtuka binti alipoanza kurefuka bila breki. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa na sentimita 183. Alipofikisha 17 alikuwa amegonga 196, urefu ambao hata makipa wengi wa Ulaya hawana. Shuleni walimtania sana na yeye alikuwa anaona aibu. Familia ndiyo iliyomwambia asimame wima, ajivunie alivyo.

Wavu ukampa sehemu ya kutumia mwili huo. Mikono mirefu, viganja vikubwa, akiruka yuko juu ya kila mtu. Chuo Kikuu cha Houston kikampa ufadhili wa michezo, mwanamke wa kwanza kupewa pale. Hakumaliza digrii. Mwaka 1974 alijiunga na timu ya taifa, akaona masomo yatasubiri.

Timu yenyewe ilikuwa hovyo. Kuna kipindi ilikaa hata bila kocha, na Olimpiki ya 1976 haikufuzu. Alipokuja kocha Arie Selinger mambo yakabadilika: mazoezi ya kufa mtu, mwaka mzima, na Hyman akajifunza kujirusha chini kuokoa mipira, kazi ambayo mtu wa urefu wake huwa anaikwepa. Wakafuzu Moscow 1980. Wakiwa tayari kabisa, Rais Jimmy Carter akaamua Marekani isiende kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliiletea Tanzania medali za fedha. Hyman aliikosa akiwa na miaka 25, umri wa mchezaji kuwa kwenye ubora wake.

Angeweza kuachana na timu. Hakuachana nayo. Mwaka 1982 walichukua shaba kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya Peru, na 1984 Olimpiki ikaenda nyumbani kwao, Los Angeles. Hyman alikuwa na miaka 30, mkubwa kuliko wote kwenye timu. Kwenye makundi waliifunga China, wakafika fainali na kukutana na China hiyo hiyo ya Lang Ping. Safari hii wakapigwa 3-0. Hata hivyo fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wavu wa wanawake wa Marekani.

Baada ya hapo akaenda Japan kucheza kwa malipo, kwani kwao hakukuwa na ligi ya maana. Daiei ilikuwa daraja la chini, akaipandisha. Ndipo ikaja ile jioni ya Matsue.

Habari za kwanza zilisema ni mshtuko wa moyo. Familia haikuridhika. Mwili uliporudishwa California wakaomba uchunguzi, na hapo ukweli ukatoka. Ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwili mzima, unaoitwa aota, ulikuwa umechanika. Tena pembeni ya mchaniko huo kulikuwa na dalili za jeraha jingine la wiki chache nyuma, lililokuwa limeanza kupona lenyewe. Kwa maana nyingine, alishanusurika mara moja na akaendelea kucheza.

Ugonjwa unaitwa Marfan, jina la daktari wa Paris, Antoine Marfan, aliyeueleza mwaka 1896 baada ya kumwona mtoto wa kike mwenye vidole na miguu mirefu kupita kiasi. Inakadiriwa mtu mmoja kati ya 5,000 anao.

Ili kuuelewa, fikiria mwili si seli tupu zilizorundikana. Katikati ya seli na seli kuna nyavu, kamba na kitu kama gundi, vyote vinatengenezwa na seli zenyewe, na seli zinajishikiza humo. Hapo ndipo mishipa, mifupa na macho vinapata uimara wake. Kamba mojawapo ni protini inayoitwa fibrilini. Mwenye Marfan jini ya kutengeneza fibrilini ina kasoro, basi wavu unafumwa vibaya. Mifupa inarefuka kupita kiasi, lenzi ya jicho inaweza kuhama, na Hyman alikuwa haoni vizuri mbali. Fibrilini pia ndiyo inayozuia kemikali fulani ya ukuaji isizagae ovyo, na ikilegea kemikali hiyo inazidi kuharibu.

Pabaya zaidi ni kwenye aota. Kila aliyecheza mtaani ameshaona mpira uliofumuka nyuzi: tyubu inaanza kuchungulia, kinatokea kitumbo, kila shuti kinakua, halafu siku moja pwaa. Aota ya mwenye Marfan inatanuka hivyo hivyo, na kila pigo la moyo ni shuti. Kwenye mechi, presha ikipanda, mashuti yanakuwa mazito.

Kwa macho huwezi kuuona mshipa huo. Inatakiwa eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo hicho kilikuwepo enzi za Hyman. Miaka yote hiyo makocha walipima ameruka juu kiasi gani na smashi yake ina kasi gani. Si kila mrefu ana Marfan, walio wengi hawana, na wazazi warefu walifanya hata urefu wake uonekane wa kurithi tu. Lakini urefu, mikono ile, vidole vile na macho mabovu kwa mtu mmoja vilikuwa vinatosha mtu kuuliza swali. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwili ule ulikuwa unaleta ushindi.

Leo wenye ugonjwa huo wanapewa dawa za kupunguza nguvu ya mapigo, wanakatazwa michezo mizito, na aota ikitanuka kufikia kiwango fulani inabadilishwa kwa upasuaji kabla haijachanika. Jini yenyewe iligunduliwa mwaka 1991, Hyman akiwa kaburini Inglewood miaka mitano.

Marfan unarithiwa. Mzazi mwenye nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Kwa hiyo baada ya majibu ya uchunguzi kutoka, ndugu zake waliitwa kupimwa. Ndugu yake mmoja wa kiume, naye mrefu, akakutwa nao. Madaktari wakampasua kifua na kuutengeneza mshipa kabla haujapasuka.