Walther Nernst: Mtu wa taa aliyeingia kwenye ekzosi ya gari lako

Ukipita gereji za Makole hapa Dodoma, utasikia oksijeni sensa ikitajwa kila mara taa ya injini inapowaka. Fundi anasema imekufa, mwenye gari anahangaika kutafuta hela, inafungwa mpya, na wakati mwingine kesho yake taa inawaka tena. Leo tunamtazama mtu ambaye kifaa hicho kinafuata kanuni yake.

Walther Nernst alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Briesen, ambao siku hizo ulikuwa wa Prussia na leo uko Poland. Mwaka 1889 alitoa kanuni inayoeleza jinsi kitu kinavyozaa umeme kikiwa kingi upande mmoja na kichache upande wa pili.

Mwaka 1897 akabuni taa ya umeme. Badala ya waya alitumia kijiti cha zirkonia, ambayo ni aina ya kauri. Kijiti hicho kikiwa cha baridi hakipitishi umeme. Sharti kipashwe moto kwanza. Baadaye taa za waya ziliishinda, lakini Nernst alikuwa ameshauza haki zake kwa kampuni ya AEG kwa fedha nyingi. Akanunua gari, enzi ambazo magari yalikuwa ya kuhesabika. Inasimuliwa kwamba injini ilipochoka mlimani aliifungulia gesi ya nitrasi oksaidi kutoka mtungi mdogo, ili ipate oksijeni zaidi. Angeelewana na mafundi wetu.

Mwaka 1905 alihamia Berlin, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1920 ikawa yake. Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Wanawe wawili wa kiume walikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanazi walipotawala, mabinti zake wawili walioolewa na Wayahudi walilazimika kuihama nchi. Yeye alistaafu mwaka 1933, akafariki shambani kwake mwaka 1941.

Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilileta oksijeni sensa kwenye magari ya Volvo. Ndani yake mlikuwa na zirkonia ile ile. Upande mmoja unagusa moshi wa ekzosi, wa pili hewa ya nje. Petroli ikizidi, moshi unakosa oksijeni na sensa inatoa karibu volti 0.9, petroli ikipungua inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya gari inasoma hapo na kurekebisha petroli. Na kama ile taa, ikiwa ya baridi haisemi kitu. Inahitaji nyuzijoto 300 hivi, ndiyo maana nyingi zina hita ndani. Hita ikiungua, taa ya injini inawaka.

Sensa za zamani zisizo na hita huchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zenye hita huenda 100,000, nyingine hata 160,000. Ikichoka, gari linakula mafuta na plagi zinajaa masizi. Ila kabla hujanunua, mwombe fundi akague nyaya, plagi na ekzosi. Tundu dogo kabla ya sensa huingiza hewa ya nje. Sensa inadhani petroli ni chache, kompyuta inaongeza, nawe unalipia tundu kwa bei ya sensa.

Kwa sensa ya mbele ya aina hii, mita ya kawaida inatosha: injini ikiwa ya moto, volti zinapaswa kupanda na kushuka haraka. Zikiganda sehemu moja, na nyaya na ekzosi ni nzima, hapo badilisha.